Koti Jeupe Linaanzia Kidato cha Pili

Nianze kwa kukiri. Kwenye sherehe ya makoti meupe ya wenzetu wa udaktari muhula uliopita nilienda kwa sababu mbili: rafiki yangu alikuwa anavishwa koti, na kulikuwa na pilau. Sikwenda kutafuta mada ya makala.

Huyu rafiki yangu tulikaa naye kitanda kimoja cha ghorofa kidato cha tano na cha sita, yeye juu, mimi chini. Wote PCB, wote watoto wa Singida, wote tulijaza udaktari kuwa chaguo la kwanza. Yeye alipata. Mimi Fizikia ilinitoa. Nikaangukia ualimu wa sayansi, Baiolojia na Kemia. Nasema "nikaangukia" kwa makusudi, maana ndivyo nilivyojisikia mwaka wa kwanza mzima. Siku hizi nasema vingine, tutafika huko.

Siku ya sherehe mama yake alikuja na basi kutoka Ikungi, kanga mpya, na kuku wawili wa kienyeji kwenye boksi lililotobolewa matundu. (Ukitoka Singida mikono mitupu watu watakuuliza una shida gani.) Hela ya koti, ya stethoskopu na ya mchango wa sherehe ilitoka kwenye alizeti. Hilo alilisema mwenyewe, kwa sauti, mbele za watu, na hakuona aibu hata kidogo. Jina la mwanawe liliposomwa alipiga vigelegele mpaka mshereheshaji akanyamaza kumsubiri amalize. Tangu siku hiyo kijijini hakuna anayemwita kwa jina la zamani. Ni Mama Daktari, ingawa daktari mwenyewe amebakiza miaka mitatu ya masomo, mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini, na mlolongo mzima wa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla hajaruhusiwa kumtibu mtu peke yake.

Sina ugomvi na sherehe. Watu hufikiri ni desturi ya tangu enzi na enzi, lakini kwa sura hii tunayoijua ilianza mwaka 1993, Chuo Kikuu cha Columbia kule New York, halafu ikasambaa duniani mpaka ikatufikia. Ni kitu cha maana. Mtu ametoka miaka miwili ya kukariri mifupa na vimeng'enya, kesho anaingia wodini kukutana na mgonjwa mwenye jina na watoto. Apewe koti, aambiwe mbele ya mzazi wake kwamba hili si vazi la kupigia picha. Sawa kabisa. Na hao wenzetu wanasoma jamani. Taa za maktaba zinawaka kwa ajili yao usiku ambao sisi wengine tuko kwenye televisheni ya kantini tunabishana Simba na Yanga.

Ugomvi wangu, kama naweza kuuita hivyo, ni na ukurasa wetu. Jarida hili kila toleo lina habari za wenzetu wa tiba: nani kavishwa koti, darasa gani limemaliza anatomia bila mtu kupata sapu, nani kashika mtoto akizaliwa kwa mara ya kwanza, nani kaapa, nani kapangiwa hospitali gani. Halafu zile habari za nyumbani: nani kafiwa, nani kaoa, nani kajifungua pacha katikati ya mitihani na bado akafaulu. Nazisoma zote, na za misiba nazisoma mara mbili. Lakini ukizisoma mfululizo unapata picha kwamba daktari anazaliwa siku anapopokelewa chuoni. Hatua zote tunazoziandika zinaanzia getini. Mimi nimetoka kuiona hatua ya kwanza kabisa, na pale hapakuwa na kamera wala keki.

Julai mpaka Agosti nilikuwa mazoezi ya kufundisha, shule moja ya kata wilayani Ikungi. Shule sitaitaja, haina kosa. Wenyeji wanajua Julai ya Singida: upepo unaoingia mpaka kwenye mifupa, vumbi, alizeti imeshavunwa, na mchana jua kali kama vile baridi ya asubuhi ilikuwa ndoto. Nilipewa Baiolojia kidato cha pili na cha tatu, na Kemia. Siku ya tatu mwalimu wa taaluma akaniita pembeni.

"Mwalimu, wewe A-level ulisoma nini?"

"PCB."

"Basi tushikie na Fizikia kidato cha pili. Aliyekuwepo alihama mwezi wa pili."

Nilicheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Kidato cha pili hawakuwa na mwalimu wa Fizikia tangu mwezi wa pili. Kipindi kilikuwepo kwenye ratiba ukutani, kimeandikwa vizuri kwa kalamu nyekundu, na wanafunzi walikitumia kufanya kazi za Kiswahili au kuchota maji. Kwa hiyo mimi niliyetolewa na Fizikia ndiye niliyekuwa mwalimu wa Fizikia pekee waliyebaki naye. Ukitaka kumjua Mungu kwa ucheshi wake, nenda mazoezi ya kufundisha.

Sasa, kwa msomaji aliyesahau, au aliyesoma shule zenye kila kitu: kwa utaratibu tuliosoma sisi, na ambao hawa wanafunzi wangu bado wanaufuata, Baiolojia ni lazima mpaka kidato cha nne. Fizikia na Kemia ni mpaka kidato cha pili tu. Kuanzia kidato cha tatu mwanafunzi anachagua kuendelea nazo au kuziacha. Na mtoto wa miaka 15 anachaguaje? Anaacha lile ambalo halielewi. Hata mimi ningefanya hivyo. Kidato cha tatu wa shule ile walikuwa sitini na kitu. Waliobaki na Fizikia walikuwa saba. Wavulana watano, wasichana wawili.

Kuna binti mmoja wa kidato cha pili, jina lake nabaki nalo mwenyewe. Kwenye Baiolojia alikuwa ananitangulia. Nikichora moyo ubaoni ananikosoa mahali pa vali, na ana haki. Siku moja baada ya kipindi alinifuata mpaka nje ya ofisi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, nataka kuwa daktari. Udaktari si ni Baiolojia?"

Nikamwambia ni Baiolojia, na Kemia, na Fizikia. Zote tatu, kidato cha tano na cha sita. Akanyamaza kidogo. "Basi nitakuwa nesi." Nikamwambia hata uuguzi, hata utabibu, vyuo vinaangalia ufaulu wa Fizikia ya kidato cha nne pamoja na Kemia na Baiolojia. Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyeitunga hiyo sheria. Kisha akasema neno ambalo nilirudi nalo Dodoma: "Mbona hakuna aliyetuambia?"

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ninayoizungumzia. Mtoto anajaza fomu ya masomo ya kidato cha tatu Januari moja, kwa kalamu ya kuazima, na kwa tiki moja anaufunga mlango wa udaktari, uuguzi, maabara na uhandisi. Hajui kama ameufunga. Hakuna mzazi aliyekuja na kuku. Miaka kadhaa baadaye sisi tunahesabu waliovishwa makoti na kushangaa mbona watoto wa vijijini ni wachache.

Tuangalie tulikotoka. Wakati wa uhuru mwaka 1961 madaktari Watanganyika waliokuwa na shahada walikuwa 12. Darasa moja la semina. Kabla ya hapo aliyetaka kusomea udaktari alikwenda Makerere, au ng'ambo. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu 1968, ikawa chuo kishiriki cha Muhimbili 1991, na 2007 ikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Moshi walianza chuo chao kwenye hospitali ya KCMC 1997, Bugando kule Mwanza 2003, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa 2007 na leo udaktari unasomwa hapo, na hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani. Yaani katika umri wa babu mmoja tumetoka kwenye watu 12 mpaka kwenye makundi ambayo kila mwaka ukumbi unawatosha kwa kubanana. Ni kazi kubwa, na hao waliovishwa makoti muhula uliopita wamo ndani yake.

Lakini Singida yetu haina chuo cha udaktari. Hospitali tulizokua tukizisikia nyingi ni za misheni: Makiungu ya masista, Iambi ya Walutheri, Mtakatifu Gaspar kule Itigi kando ya reli. Na watu wa Mkalama wengine wanavuka mpaka wa mkoa kwenda Haydom. Utotoni kwangu daktari alikuwa mtu anayetoka mahali pengine. Mzungu, au mtu wa Kilimanjaro, au wa Bukoba. Bibi yangu mpaka leo akipewa dawa na kijana anayezungumza Kinyaturu anauliza kama kweli amesoma. Anauliza kwa utani, lakini mle ndani kuna mazoea ya miaka mingi kwamba kwetu ni pa kutoa wagonjwa, madaktari wanatoka kwingine.

Nilipomsimulia rafiki yangu habari ya shule ile, alisema jambo ambalo lilinichoma. Alisema, "Ticha, hiyo ni kazi ya serikali kuleta walimu. Sisi koti letu linahusikaje?" (Wao tunawaita dokta tangu wiki ya kwanza, kwa heshima. Sisi tunaitwa ticha, kwa kucheka. Nimezoea.)

Ana hoja. Serikali ilete walimu. Na nitaongeza lingine ambalo wana-elimu wenzangu wanalijua kwa uchungu: walimu wapo. Kwenye kata ile ile niliyofundisha kuna kijana aliyehitimu ualimu wa Fizikia na Hisabati, anaendesha bodaboda akisubiri ajira. Amenibeba mara mbili. Njiani tuliongea juu ya mwendo na msuguano kwa namna ambayo ningependa darasa langu lingesikia. Shule haina mwalimu wa Fizikia, na mwalimu wa Fizikia anapita mbele ya geti la shule kila asubuhi akitafuta abiria. Hilo hatuwezi kulimaliza kwa sherehe wala kwa makala, na sitaki mtu aseme nimependekeza wanafunzi wa udaktari wakafundishe bure ili wizara ipumzike. La hasha. Kijana yule anatakiwa alipwe mshahara.

Ila swali la yule binti halikuwa "mbona hatuna mwalimu". Hilo analijua, hana haja ya kuuliza. Alisema, mbona hakuna aliyetuambia. Kuambiwa hakuhitaji kibali cha ajira. Kunahitaji mtu aliyepita njia hiyo arudi aseme, na mtu huyo awe na koti.

Kwa hiyo nilimwomba dokta wangu. Alilalamika kwamba likizo yao ni fupi, na ni kweli, sisi tukiwa nyumbani wao nusu yake wako wodini. Alilalamika pia kwamba hajui kuongea na watoto. Nikamwambia njoo na koti, njoo na kipimo cha presha, mengine niachie. Akaja wiki yangu ya tano, siku moja tu, mchana, upepo unavuma mpaka koti linapepea kama bendera. Alikuja kwa bodaboda ya yule mwalimu wa Fizikia. Sikupanga, naapa. Tukamwomba naye aingie, akaegesha pikipiki chini ya mti.

Niseme tu kwamba hotuba ya dokta ilikuwa mbaya. Alianza na "ndoto zenu zinawezekana" na darasa zima likalala macho wazi. Kilichowaamsha ni kipimo cha presha. Alimfunga mwalimu wa zamu mkononi, akapuliza, akasoma: mia na thelathini kwa themanini na tano. Mkono ukanyooka nyuma. Ni yule binti. "Mia na thelathini nini?" Dokta akajibu, milimita za zebaki. "Zebaki iko wapi?" Kipimo kile ni cha saa ya mshale, hakina zebaki hata tone. Dokta akakuna kichwa. Akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia mtu wa bodaboda.

Yule bwana akasogea ubaoni na kofia yake ya pikipiki mkononi, akaomba chaki. Akachora bomba la kioo, akaeleza jinsi vipimo vya zamani vilivyotumia zebaki kupanda kwenye bomba, na kwamba hewa inaposukuma, zebaki inapanda kwa urefu fulani, na urefu huo ndio tunausoma hata leo ingawa zebaki yenyewe tumeiacha. Akaeleza kwa nini walichagua zebaki na siyo maji: ni nzito zaidi ya mara kumi na tatu, kwa hiyo ukitumia maji bomba la kupimia presha ya mwalimu wa zamu lingekuwa refu kuliko mlango. Darasa likageuka kuangalia mlango. Kisha akaandika fomula ya shinikizo, ile ya kidato cha kwanza ambayo wengi waliiandika bila kujua ni ya nini. Ilichukua dakika ishirini. Nilikaa dawati la nyuma nikaandika kama mwanafunzi, kwa sababu mimi mwenyewe PCB miaka miwili sikuwahi kuelezwa hivyo.

Tangu siku hiyo nimeacha kusema niliangukia ualimu.

Ninachokiomba kwa serikali ya wanafunzi na kwa wenzetu wa tiba ni kidogo. Mchango wa sherehe unanunua fulana, keki na mpiga picha. Sawa, vibaki, mama zetu wanazitaka picha zile. Lakini kila anayevishwa koti arudi nalo shuleni kwake siku moja kabla ya Novemba, wakati kidato cha pili hawajafanya upimaji wao wa kitaifa na hawajajaza fomu. Awaambie jambo moja: ukiacha Fizikia unaacha nini. Sisi wa elimu twende naye, maana tumeona kwenye hotuba ya rafiki yangu kwamba wakiachwa peke yao ni hatari. Na ukurasa huu uandike: fulani alivishwa koti Dodoma, alilivaa tena shule fulani, wilaya fulani, mbele ya wanafunzi kadhaa. Tukishaanza kuandika hivyo, watu watakwenda. Tunajuana.

Mtu mmoja kwenye kamati alisoma rasimu ya makala hii akaniambia inanuka wivu. Wivu upo, sikatai. Nilipomwona rafiki yangu akivishwa koti lile, sekunde moja hivi nilitamani lisimwenee. Kisha mama yake akapiga vigelegele na mimi nikajikuta napiga makofi kuliko wote. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Mtihani wa yule binti ni mwezi ujao. Fomu watajaza Januari, na mimi nitakuwa huku nahangaika na sapu yangu ya takwimu. Mwalimu wa taaluma ameniahidi kunitumia ujumbe akiona tiki imekaa wapi. Mwalimu wa bodaboda, kwa taarifa yenu, anaingia darasani Ijumaa saa nane mchana, siku ambazo abiria ni wachache. Wazazi wa kidato cha pili wanamchangia mafuta.